Helikopta ya Kwenye Kompyuta: Wazazi, Msikimbilie Kuiita Gemu



 Leo naomba mniruhusu nitoke kidogo nje ya yale tuliyozoea. Ukurasa huu umezoea malezi, masomo na adabu za nyumbani, na leo mimi nataka kuzungumzia helikopta. Najua wapo watakaocheka na kusema, ustadhi wa madrasa na helikopta wapi na wapi? Vumilieni kidogo. Mkifika mwisho mtaona kwamba suala ni lile lile la malezi, ila safari hii limevaa mapanga.

Helikopta ninayoisema si ile inayobeba watu. Ni ndogo, ya umeme, inaongozwa kwa rimoti. Wengi wetu tukiiona dukani tunaihesabu kuwa mdoli wa watoto. Na hapo ndipo kosa linapoanzia.

KILICHOTOKEA NYUMBANI KWA DADA YANGU

Shemeji yangu alikuwa akifanya kazi Dubai. Aliporudi hapa Kigali alimletea mwanawe zawadi, helikopta iliyotumika, aliyoinunua kwa mfanyakazi mwenzake. Wenye mchezo huo huiita ya saizi 450. Kila panga lake kubwa lina urefu wa sentimita 32 na nusu, na yakizunguka, duara lake lina upana wa kiasi cha sentimita 70. Uzito wake haufiki kilo moja. Pamoja nayo ilikuja rimoti yake, chaja na betri ya lithiamu.

Mpwa wangu, kijana wa miaka 16, hakungoja kufundishwa. Jumamosi moja asubuhi aliitoa uani, Nyamirambo, akachomeka betri, akasukuma kijiti. Helikopta ikatetemeka, ikainuka kama shubiri moja, ikalala kwa ubavu na mapanga yakapiga saruji. Kipande cha panga kikaruka na kutoboa jerikani ya maji iliyokuwa mlangoni. Muda mfupi tu kabla ya hapo, mdogo wake wa kike mwenye miaka 11 alikuwa amesimama pale pale akichota maji. Jerikani ikawa inamwaga na watu wanatazamana, hakuna anayesema neno.

Siku ya pili niliitwa, kama ilivyo kawaida ya ustadhi kuitwa, ili nitoe hukumu. Dada yangu alitaka kitu kile kitupwe. Shemeji alitaka kukiuza. Kijana analia. Nikaomba karatasi na kalamu, nikakaa na kijana tukapiga hesabu. Helikopta ya saizi ile mapanga yake huzunguka kiasi cha mara 2,800 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 46 kwa sekunde. Ncha ya panga katika kila mzunguko inasafiri mita mbili na zaidi. Zidisha. Utapata zaidi ya mita 100 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 360 kwa saa. Hakuna gari Kigali linalokwenda mwendo huo. Tulipofika kwenye jibu, kijana aliacha kulia.

Na haya si ya kutisha watu bure. Mwezi wa Septemba mwaka 2013, huko Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 aliuawa na helikopta yake mwenyewe ya rimoti, kubwa kuliko hii yetu, akiirusha katika bustani ya watu wote. Wala hakuwa mgeni wa mchezo huo, alikuwa mzoefu. Sasa ikiwa mzoefu yalimkuta hayo, je, huyu wetu wa uani aliyeshika rimoti kwa mara ya kwanza?

Hukumu yangu ilikuwa hii: kitu kisitupwe wala kisiuzwe, lakini kirudi ndani ya boksi, na kijana asikiguse mpaka ajue kuirusha kwenye kompyuta. Shemeji akaguna, "Ustadhi, yaani dawa ya gemu ni gemu?" Swali lake ndilo lililonifanya niandike makala hii.

JE, NI GEMU AU NI MAFUNZO?

Kwanza tuelewane. Zipo programu za kompyuta, ziitwazo simuleta, ambazo zimetengenezwa mahsusi kwa watu wanaorusha ndege na helikopta za rimoti. RealFlight ya Marekani ipo tangu miaka ya 1990. Ipo aerofly ya Ujerumani, ipo Heli-X, na ilikuwapo Phoenix ambayo ilipendwa sana lakini haitengenezwi tena. Ndani yake wewe huketi kwenye kiti cha rubani. Unasimama chini uwanjani, unaitazama helikopta kwa mbali, kama utakavyosimama siku ya kweli. Unachomeka rimoti yako halisi kwenye kompyuta kwa waya, na kila ukisogeza kijiti, helikopta ya kwenye kioo inatii.

Na kwa nini helikopta hasa? Kwa sababu ndege ya mabawa ukiiachia vijiti ikiwa imetengenezwa vizuri, huendelea kwenda kwa muda. Helikopta ya namna hii haina huruma hiyo. Ukiiachia, inakwenda inakotaka, na mara nyingi inakotaka ni chini. Mrushaji anashughulika na mambo manne kwa wakati mmoja: kupanda na kushuka, kuinamisha mbele na nyuma, kuinamisha kushoto na kulia, na kugeuza mkia. Ukisahihisha moja, mengine matatu yanaharibika. Mikono lazima ijue yenyewe kabla akili haijafikiri, na mikono haifundishwi kwa mawaidha, inafundishwa kwa kurudia. Sisi walimu wa madrasa tunalijua hilo vizuri kutokana na kuhifadhisha.

Hivyo basi jibu langu kwa shemeji na kwa wote wenye swali kama lake ni hili: simuleta iliyopangwa ovyo ni gemu. Simuleta iliyopangwa kwa ukweli ni darasa. Tofauti iko kwenye mpangilio, na mpangilio ndio watu wanaouruka kwa haraka zao.

TULIVYOKOSEA WIKI NZIMA

Hapa nitaeleza kwa kirefu kidogo, kwa faida ya wale wenye vijana wenye hamu kama ya huyu.

Tuliweka programu kwenye laptopu, tukachomeka rimoti, tukachagua helikopta. Kila kijana alipopandisha, helikopta ililala ubavu na kuinamisha pua, ikaanguka. Si mara moja, kila mara. Wiki nzima baada ya Isha tunahangaika. Kijana akasema programu ni mbovu. Mimi nikasema mikono yake ndiyo mibovu. Tukafika mahali pa kukasirikiana.

Aliyetutoa ni yule mdogo wake, aliyenusurika na kipande cha panga. Alikuwa amekaa pembeni anatazama ukurasa wa kupimia vijiti, ule wenye vijisanduku vinavyopanda na kushuka. Akauliza, "Mjomba, mbona kaka akisukuma kijiti kimoja vinacheza vijisanduku vitatu?"

Subhanallah! Hapo ndipo nilipoanza kusoma kitabu cha rimoti, jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Kumbe helikopta halisi ya namna ile ina mota ndogo tatu, ziitwazo servo, zinazobeba sahani iliyo chini ya mapanga. Ukitaka kupanda, servo zote tatu zinasukuma pamoja. Ukitaka kuinama, zinagawana kazi. Hesabu ya kugawana huko inafanywa na rimoti yenyewe, au na kifaa kilichomo ndani ya helikopta. Rimoti yetu ilikuwa imepangwa na mwenyewe wa kwanza kwa ajili ya helikopta halisi, hivyo ilikuwa inafanya hesabu hiyo. Lakini simuleta nayo inafanya hesabu hiyo hiyo ndani yake. Matokeo yake, amri moja ya kupanda ilifika kwenye kompyuta ikiwa imegawanywa chaneli tatu, na kompyuta ikaelewa kwamba tumeamuru kupanda, kulala na kuinama kwa pamoja. Programu haikuwa mbovu, wala mikono ya kijana. Tulikuwa tumechanganya mara mbili kitu kinachotakiwa kuchanganywa mara moja.

MPANGILIO ULIO SAWA

Kwa kifupi, haya ndiyo tuliyoyafanya baada ya hapo, na ninamshauri kila mzazi asimamie yafanyike.

1. Tumieni rimoti ile ile itakayotumika siku ya kweli. Kibodi na mausi havifundishi kitu hapa. Vidole vinatakiwa kuzoea uzito wa vijiti vile vile. Na kabla ya kuchomeka waya, toeni betri kwenye helikopta halisi na muiweke mbali. Hii ni sheria ya nyumba, haina mjadala.

2. Kwenye rimoti fungueni kumbukumbu mpya, iwe tupu. Msiharibu ile ya helikopta halisi. Katika hiyo mpya chagueni aina ya kawaida kabisa, ile ya servo moja kwa kila kazi, bila mchanganyo wowote. Kijiti kimoja kisogeze kijisanduku kimoja. Ila kijiti cha kupandia kinaweza kusogeza viwili, nguvu ya mota na pembe ya mapanga, na hivyo ndivyo kinavyotakiwa kwenye helikopta.

3. Rudisheni vidude vyote vya kusawazisha katikati, ndipo mpime vijiti kwenye programu, kila kimoja mpaka mwisho wake, juu, chini, kushoto na kulia. Mkipima kidude kikiwa kimepinda, helikopta itakuwa inavuta upande mmoja milele na mtamlaumu mtoto.

4. Mpangilio wa nguvu na wa pembe za mapanga uwe kwenye sehemu moja tu. Sisi tuliacha rimoti iwe mstari ulionyooka kutoka sifuri hadi mia, na mipindo yote tukaiweka ndani ya programu. Ukiweka kote kuwili unarudi kwenye kosa letu la kwanza.

5. Rimoti nyingi zina mpangilio wa kulainisha kijiti karibu na katikati, ili mkono unaotetemeka usiirushe helikopta huku na huku. Jihadharini na alama. Kwenye rimoti za Futaba, hasi ndiyo inayolainisha. Kwenye za Spektrum, ni chanya. Ukikosea alama, badala ya kupata upole unapata ukali, na mtoto anakata tamaa siku ya kwanza.

6. Chagueni helikopta ya kwenye kioo inayofanana na yenu kwa saizi. Ile kubwa imetulia zaidi na inaonekana vizuri, na ukijifunza kwa hiyo unajidanganya, kwa sababu ndogo ni nyepesi na ina wasiwasi mwingi. Aidha, zimeni msaada wowote unaoishikilia helikopta isianguke. Upepo uwe sifuri mwanzoni, kisha uongezwe kidogo kidogo, kwa sababu vilima vya Kigali havikosi upepo.

Baada ya hapo mazoezi yana daraja zake. Kwanza kuitunza hewani mkia ukikuelekea wewe, mahali pamoja, bila kwenda popote. Kijana akiweza, aigeuze ubavu, kisha ubavu wa pili. Mwisho pua imtazame yeye, na hapo kushoto kunakuwa kulia na kulia kunakuwa kushoto, na ndipo wengi wanapoanguka. Tena azoeshe kidole kwenye swichi ya kukata mota mpaka kidole kiende chenyewe. Swichi hiyo ndiyo inayookoa vidole vya watu. Kijana wetu siku ile ya uani hakujua hata kama ipo.

UONGO MMOJA WA SIMULETA

Nimeisifu sana, sasa niseme aibu yake. Simuleta ina kitufe cha kuanza upya. Helikopta ikivunjika vipande vipande, unabonyeza, inasimama mbele yako nzima kama haijawahi kuanguka. Hakuna jerikani iliyotoboka, hakuna pesa iliyotoka, hakuna mtu aliyeumia. Mtoto anabonyeza mara mia kwa usiku mmoja, na kidogo kidogo moyo wake unazoea kwamba kuanguka si kitu. Hili ndilo linalonitia hofu, na ndilo linaloifanya iwe gemu hata kama mpangilio wote uko sawa.

Ndipo tukaweka utaratibu wa daftari. Kila helikopta ikianguka kwenye kioo, kijana haruhusiwi kubonyeza mpaka aandike mambo matatu: imeanguka kwa sababu gani, ingekuwa ya kweli kingevunjika nini, na nani angekuwa amesimama hapo. Siku ya kwanza alinichukia. Nusu saa nzima aliandika kuliko kurusha. Wiki ya tatu nilipoisoma daftari niliona maneno yamebadilika. Mwanzo aliandika, "upepo", "kijiti kibovu", "programu". Baadaye akaanza kuandika, "niliharakisha", "niliangalia pembeni", "nilitaka kumwonyesha rafiki". Mwalimu yeyote anajua thamani ya mabadiliko hayo. Mtoto aliyekuwa akilaumu kitu ameanza kujihesabu mwenyewe.

Na mzazi naye ana sehemu yake. Kumwachia mtoto laptopu chumbani na kusema "anajifunza" si malezi. Kaa naye, hata kama huelewi. Yule binti wa miaka 11 alikuwa haelewi chochote, lakini alikuwa anatazama, na macho yake yaliona tusichokiona. Muda nao uwekewe mpaka. Kwetu ilikuwa nusu saa baada ya Isha, na tu ikiwa masomo ya siku yamekwisha. Aliyekosa darasa hakushika kijiti.

KWA WANAOSEMA NI ANASA

Wapo ndugu walioniambia kwamba watoto wetu hawana haja na mambo haya, wasome tu. Nami nauliza, kusoma nini zaidi ya hiki? Ndani ya helikopta moja kuna hesabu za pembe, umeme, upepo, subira na uaminifu wa kukubali kosa. Tena tumo katika nchi ambayo tangu mwaka 2016 ndege za Zipline zisizo na rubani zinaruka kutoka Muhanga kupeleka damu hospitalini. Damu ile inamfika mama aliye katika uzazi na majeruhi wa ajali. Watu wanaozihudumia ndege zile walikuwa watoto wa watu kama sisi. Je, hatutaki wetu wawe miongoni mwao?

Lakini nchi hiyo hiyo ina kanuni za ndege zisizo na rubani tangu mwaka huo huo wa 2016. Kwa hiyo kabla hamjapeleka chochote uwanjani, nendeni mkaulize mamlaka ya usafiri wa anga nini kinaruhusiwa na wapi. Kusema "ni mdoli tu" si udhuru. Mwenye ngamia humfunga kwanza, kisha akatawakali.

MWISHO WA KISA

Sikukuu ya Idi iliyopita wageni walijaa nyumbani kwa dada yangu. Miezi ilikuwa imepita. Mapanga mapya yalikuwa yamefika na helikopta ilikuwa nzima ndani ya boksi lake juu ya kabati. Kwenye kioo kijana alikuwa anaweza kuitunza hewani pua ikimtazama mpaka betri iishe. Shemeji, kwa furaha ya sikukuu, akasema mbele ya wageni, "Leta basi helikopta, tukaioneshe pale uwanjani." Mimi nilinyamaza. Nilitaka kusikia.

Kijana alichungulia dirishani, akawaona watoto na nguo zao mpya wamejaa uwanja mzima. Akasema kwa adabu, "Baba, leo hapana. Uwanja umejaa watoto."

Shemeji alinitazama, hakusema kitu. Jioni aliniambia faraghani, "Ustadhi, lile si gemu." Nikamwambia, lingeweza kuwa.

Mpaka ninaandika haya, helikopta ile haijaruka tena. Tunatafuta kiwanja tambarare mbali na nyumba, na Kigali yetu ya vilima, tambarare inatafutwa kama dawa. Tukikipata na tukiruhusiwa, itaruka. Tusipokipata, itabaki kabatini, na sitaona kwamba tumepoteza kitu.

Wabillahi tawfiiq.